Jina Juu ya Karatasi

Barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui hupita Kwa Vonza, kituo ambacho zamani abiria walikijua kwa vumbi na jua kali. Siku hizi Kwa Vonza ni mji wa wanafunzi. Vyumba vya kukodi vimejipanga hadi kwenye mipaka ya mashamba ya kunde, na kila duka la tatu linauza bando, linachapisha karatasi au linatengeneza simu. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho wenyeji hukiita SEKU. Kilichipuka kutoka kwa taasisi ya kilimo ya Ukambani, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kisha kikapata hati yake mwaka 2013. Ukishuka upande wa Makueni hadi Barabara Kuu ya Mombasa utaikuta Konza, mji wa teknolojia unaojengwa kwenye ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili. Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Agosti 2023, Rais William Ruto alikipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho makao yake ni Konza, na ambacho ni chuo cha kwanza cha umma nchini kufundisha masomo yake yote mtandaoni.

Mimi ni mzaliwa wa Kitui kusini, pande za Mutomo, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha katika shule za sekondari za Makueni. Kizazi chetu kililia na jambo moja kuhusu chuo kikuu: kilikuwa mbali. Kilikuwa mbali kwa mwendo, mbali kwa karo, mbali kwa alama. Mtoto akiitwa chuoni, kijiji kizima kilichanga. Akipata nafasi ya kwenda Marekani au Uingereza, picha yake ya kwanza akiwa amesimama kwenye theluji ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka pembe zikachakaa. Leo somo la kompyuta la Harvard linapatikana bure, na kijana wa Mutomo mwenye simu na bando anaweza kulisikiliza akichunga mbuzi. Umbali tuliokuwa tukiulilia umepungua sana. Na ulipopungua ndipo nilipoona kwamba ulikuwa umefunika swali jingine, gumu kuliko lile la kufika: baada ya yote, aliyesoma ni nani?

Elimu ya masafa yenyewe si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilifungua mtihani wa shahada kwa watu waliosomea nje ya vyuo vyake mwaka 1858. Hapa kwetu, mwaka 1967, chuo kikuu kishiriki kilichokuwa Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta, kwa msaada wa serikali ya Marekani na wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin. Waliolengwa kwanza walikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa wamesoma sana. Masomo yalikuja kwa bahasha, vipindi vya Sauti ya Kenya vikaongezea maelezo redioni, kazi ikarudishwa kwa bahasha na kusahihishwa.

Mwalimu wangu wa hesabu katika darasa la sita alisoma hivyo. Karatasi zake alizihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, na siku moja tulipokuwa tumekata tamaa na sehemu za desimali alizileta darasani. Zilijaa wino mwekundu. Alituonyesha hesabu aliyokosa, akatuonyesha alivyoirudia, akasema, “Hata mimi nasahihishwa.” Aliyezisahihisha hakumjua kwa sura wala hakuwahi kufika kwetu. Lakini kila ukurasa ulikuwa na jina la mwalimu wetu kwa mwandiko wake mwenyewe, na kila kosa lilikuwa lake. Tulimheshimu kwa makosa yale kuliko kwa cheti alichokuja kukitundika ukutani.

Baada ya bahasha ikaja mitambo. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa African Virtual University, ambao ulirusha mihadhara ya vyuo vya ng'ambo kwa setilaiti hadi kwenye vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwemo. Ilikuwa hatua kubwa, ila setilaiti ilikuwa ghali na waliofaidika walikuwa wachache. Mambo yaligeuka Julai 2009, waya wa SEACOM ulipotoka baharini Mombasa na kuiunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa nyuzi za kioo. Nyaya nyingine zikafuata. Kufikia Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, wanafunzi waliorudi nyumbani Kitui na Makueni walitakiwa kusomea huko huko. Kuna waliopanda vilima na majabali kutafuta netiweki, daftari gotini, simu imeinuliwa juu. Wengine walikaa nje ya maduka ya mjini hadi jioni. Wengi walikosa masomo, lakini hakuna aliyesema tena kwamba jambo lile haliwezekani.

Waya ule wa baharini hauna mlango wa kuingia tu. Ulipoleta mihadhara, ulichukua pia kitu kwetu, na hilo wazee wengi hawakulifahamu mpaka watoto wao walipoanza kulala mchana na kukesha usiku.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa mmoja wa vijana hao. Alimaliza chuo akatafuta kazi bila kupata, akabaki katika chumba chake cha mabati Kwa Vonza, kompyuta juu ya kreti ya soda, feni ndogo ikimpuliza magotini. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo kikuu. Kazi zilikuja kupitia tovuti za kati. Akaunti aliikodi kwa mtu aliyeisajili kwa jina jingine na nchi nyingine, na mwenye akaunti alimkata fungu lake kila mwezi. Malipo yalikuwa dola chache kwa ukurasa, kazi ikichelewa faini, mteja akilalamika faini tena. Alifanya kazi usiku kwa sababu usiku wetu ni mchana wa Marekani. Biashara hii ilikuwa imeenea Kenya nzima kwa miaka mingi, na mwaka 2019 gazeti la New York Times liliiandika kwa urefu. Baadaye Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya ambaye ni profesa Oxford, aliifuatilia katika filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars.

Nilipomtembelea mpwa wangu nilimkuta ana kiburi cha haki kuhusu kazi yake. “Mjomba,” aliniambia, “mimi nimesoma uuguzi, nimesoma sheria, nimesoma saikolojia ya watoto. Nina kila kitu isipokuwa cheti.” Sikuona kama anatia chumvi. Alinieleza jinsi dawa ya shinikizo la damu inavyofanya kazi, kwa ufasaha ambao ningefurahi kuusikia kwa mwanafunzi wangu yeyote wa biolojia. Kijana huyu alikuwa amepata elimu ya juu ya kimataifa, tena ya fani nyingi, ndani ya chumba cha mabati. Waliopata alama walikuwa watu wengine.

Kisha akanionyesha kazi moja. Mwanafunzi wa uuguzi nchini Marekani alikuwa ametakiwa kuandika tafakari kuhusu mara ya kwanza kumwona mtu akifa. Ni insha ambazo vyuo vya uuguzi hupenda sana, kwa kuwa humfundisha muuguzi kuutazama moyo wake kabla ya kuushika mkono wa mgonjwa. Mpwa wangu hakuwahi kufanya kazi wodini. Kwa hiyo aliandika alichokijua: nyanya yake, pumzi zilizokuwa zikikatika alfajiri, mikono iliyokuwa ikitafuta kona ya leso ambamo alizoea kufunga pesa, hata pale ambapo hakukuwa na leso. Alibadilisha kijiji kikawa mji, na leso ikawa skafu. Insha ilipata alama ya juu kabisa, na mteja akaongeza dola kumi za shukrani.

Nyanya huyo alikuwa mama yangu mzazi.

Sikukasirika kama mtu anavyoweza kudhani. Nilisoma mpaka mwisho, nikaona kwamba kijana alimpenda mama yangu na alikuwa amemtazama vizuri kuliko sisi watoto wake. Kilichonikaa rohoni ni jambo jingine. Mama yangu hakusoma shule. Alilima pamba enzi Kitui ilipokuwa ikilima pamba, na siku ya malipo alichovya kidole gumba kwenye wino akakibandika kwenye orodha kama wenzake. Akaja kusikia kwamba malipo ya mwanamke mmoja yamechukuliwa na mtu mwingine, kwa sababu gumba lolote linafanana na jingine machoni pa asiyejali. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, mama alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kujiandikisha kwa masomo ya ngumbaru. Alisema hataki mambo mengi. Anataka kuandika jina lake, basi. Alijifunza kuliandika kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja, na tangu hapo hakuna aliyemwekea kidole chake kwenye wino tena. Sasa kumbukumbu ya kifo cha mwanamke huyo iko kwenye faili la chuo cha ng'ambo, chini ya jina la mtu ambaye hakumjua.

Nilimwuliza mpwa wangu kama hilo halimsumbui. Alinijibu kama mfanyabiashara. “Mjomba, nikiuza mahindi siulizi yatapikwa nini. Wao wananunua, mimi nauza. Na hizi pesa ndizo zilizomlipia dada yangu karo.” Hoja yake ina uzito. Mzee anayekemea biashara hiyo kwanza awaonyeshe vijana kazi nyingine ambayo ingetumia akili ile na kulipa karo ile. Mimi sikuwa nayo.

Nikamwomba, basi, aiandike upya habari ile ya nyanya yake kwa jina lake, tuiweke kwenye kumbukumbu za ukoo au aitumie siku moja katika masomo yake. Akacheka. Akanieleza kwamba vyuo vingi hupitisha kazi za wanafunzi katika programu kama Turnitin, ambayo huzihifadhi na kuzilinganisha na kila kazi inayokuja baadaye. Insha ile inaweza kuwa imo humo. Akiwasilisha maneno yake mwenyewe chuoni kwa jina lake, mashine itasema ameiba.

Jambo hilo limenifundisha kuliko semina nyingi za teknolojia nilizohudhuria. Tunasema kwamba mtandao unasambaza maarifa, na ni kweli. Lakini maarifa yanaposafiri, jina haliyafuati lenyewe. Lazima mtu aliandike, na lazima akatae kuliuza. Mkulima aliyeuza mahindi anabaki na shamba, na msimu ujao atalima tena. Mpwa wangu alipokwenda kuomba kazi halali ya uandishi, akaulizwa aonyeshe alichowahi kuandika, hakuwa na ukurasa hata mmoja wa kuonyesha. Miaka ile yote ya kukesha haikumwachia shamba.

Aliyenunua naye hakupona. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Muuguzi aliyeandikiwa tafakari ya kifo atakutana na kifo chenyewe wodini, na hakuna tovuti itakayomshikia mkono. Ndiyo maana nchi kadhaa zimeipiga marufuku biashara hiyo, Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022. Lakini tusifurahie aibu za wengine. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitoa matokeo ya ukaguzi wa vyeti katika taasisi za serikali, na zaidi ya wafanyakazi 2,000 wakapatikana na vyeti ghushi. Kati ya anayenunua insha Marekani na anayenunua cheti hapa kwetu, tofauti ni bei tu.

Halafu ikaja mashine yenyewe. ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, kazi za vijana wa Kwa Vonza zilianza kupungua. Mteja aliyekuwa akilipa dola chache kwa ukurasa alipata mwandishi asiyelala na asiyedai. Wiki chache baadaye, Januari 2023, jarida la Time likaripoti kwamba kuna wafanyakazi Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu na ya kutisha, wakiyawekea alama ili mashine hiyo ijifunze kuyaepuka. Kwa hiyo hata ndani ya mashine iliyowanyang'anya vijana wetu kazi mna jasho la vijana wetu, nalo halina jina la mtu.

Mashine hiyo imefanya kingine ambacho kinanihangaisha zaidi kama mwalimu. Zamani mnunuzi alikuwa Marekani na muuzaji Kwa Vonza. Sasa mwanafunzi wa Kwa Vonza naye anaweza kukaa kwenye kiti cha mnunuzi, bila hata dola moja. Anauliza, anapewa, anabandika jina lake juu, anatuma. Nimewaona vijana werevu wakifanya hivyo, na werevu wao ukianza kupata kutu. Mpwa wangu aliuza kazi yake lakini angalau alisoma. Huyu wa sasa anaweza kumaliza miaka minne bila kusoma wala kuuza chochote.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu ya habari, tena nusu chungu. Nusu ya pili iko Makueni.

Jirani yangu pande za Kathonzweni ni mama wa watoto wawili. Alimaliza kidato cha nne na alama zinazoruhusu chuo kikuu, lakini mwaka huo nyumbani hapakuwa na karo, kisha akaolewa, kisha maisha yakaendelea. Chuo Kikuu Huria kilipofunguliwa alijiandikisha kusomea sayansi ya data. Chuo chake kiko katika kaunti yake, lakini huipita Konza akiwa ndani ya matatu kwenda Nairobi, huyaona majengo kwa mbali upande wa barabara, na hajawahi kuwa na sababu ya kushuka. Darasa lake ni meza ya jikoni baada ya watoto kulala. Karo ya muhula mmoja ilitoka kwa pojo alizovuna Februari. Wanafunzi wenzake wako Mandera, Turkana na Mombasa, na mmoja, aliyekwenda kufanya kazi Doha, husoma zamu yake ya usiku inapoisha.

Nilimwona akifanya kazi moja ya takwimu. Alitakiwa kukusanya data, kuichambua na kueleza inachosema. Angeweza kuchukua data yoyote mtandaoni. Yeye akaenda kwa kina mama wa chama chake, akawauliza kila mmoja aliuza pojo lini na kwa shilingi ngapi gorogoro moja. Baadhi walikuwa wameandika kwenye daftari, wengine walikumbuka kwa kuhesabu vidole. Alipopanga nambari zile kwenye jedwali, jambo ambalo wote walilihisi likajionyesha: walioharakisha kumuuzia dalali shambani, wiki ya mavuno, walipata kidogo sana kuliko waliokaa na mzigo hadi bei ikapanda. Alituma kazi yake kwa furaha. Mhadhiri akairudisha. Sampuli ni ndogo, alisema, na hujaeleza kwa nini waliouza mapema waliuza mapema. Alinung'unika siku mbili, kisha akarudi kwa kina mama kuuliza. Wengi waliuza mapema kwa sababu ya karo za watoto na madeni ya dukani. Hapo kazi ikabadilika kabisa, kwa kuwa tatizo halikuwa ujinga wa soko, lilikuwa ukosefu wa pesa za kuvuka mwezi mmoja. Chama kikakaa na kukubaliana kuwakopesha wanachama kidogo wakati wa mavuno, ili nao waweze kusubiri. Sijui kama mpango huo utadumu. Ninachojua ni kwamba mama yule akisimamishwa popote na kuulizwa kuhusu kila mstari wa kazi ile, atajibu, kwa sababu aliitembelea kwa miguu.

Linganisha kazi hizo mbili. Zote zilifanywa kwa kompyuta, kwa intaneti ile ile, na watu wa Ukambani wenye akili, kutokana na mambo ya nyumbani kwao. Moja ilichukua kumbukumbu ya ukoo ikaipeleka mahali ambapo mwenyewe hawezi kuidai. Nyingine ilichukua maumivu ya kina mama wa kijiji ikawarudishia yakiwa na maelezo. Teknolojia ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kama aliyefanya kazi alikuwa anasahihishwa kwa jina lake.

Najua safari ya jirani yangu haijanyooka. Stima hukatika usiku wa mtihani. Bando huisha katikati ya mhadhara. Novemba, mvua ambazo sisi watu wa nyanda kavu huzitegemea zaidi zinaponyesha, jembe na kompyuta humwita saa moja. Na wapo waajiri ambao bado hukunja uso wakisikia shahada ya mtandaoni. Vyuo vya ng'ambo vina mitego zaidi, kwa maana mtandao umejaa tovuti nzuri za vyuo visivyokuwepo. Anayetaka kusomea chuo cha nje akiwa mjini Wote au Mwingi aulize kwanza kama chuo hicho kimeidhinishwa kwao, na kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itaitambua shahada yake hapa. Vipo vya kweli. University of the People, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 2009, kikapata idhini Marekani mwaka 2014, na hakitozi ada ya mafunzo, ingawa kuna malipo ya mitihani. Kuuliza kwanza hakugharimu kitu.

Lakini nikimtazama jirani yangu, naona kwamba kilichomshikilia masomoni si mtambo. Ni watu. Kikundi chake cha WhatsApp hufanya kazi kama mwethya, ule umoja wa kazi ambao kwao Wakamba wamejenga matuta na mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu ya Kitui na Makueni. Anayejua mwethya anajua kwamba huanza kwa kuita majina. Kila mmoja hubeba jiwe lake, asiyekuja anajulikana, na mgonjwa huulizwa hali. Mwenzao wa Doha alipokaa kimya wiki mbili, walimtafuta mpaka wakajua kwamba simu yake ilizuiwa na mwajiri, wakamhifadhia maelezo ya masomo yote. Kuna mtu aliyegundua kwamba mwenzao ameitwa jina na hakuitika. Chuo cha mtandaoni kisichokuwa na kitu cha namna hiyo kitasajili maelfu na kufuzisha wachache.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kama wasomee mtandaoni, huwaambia wasome. Wasiogope umbali, kwa kuwa mwalimu wangu wa hesabu alisoma kwa bahasha. Wasiogope mashine pia: waiulize, wabishane nayo, waitumie kama wanavyotumia kamusi. Lakini watafute mahali ambapo kazi yao itarudishwa ikiwa na alama za makosa, na watafute watu watakaowauliza wakikosekana. Huwaambia waandike juu ya mambo wanayoyajua kwa macho na miguu yao, bei ya pojo, kisima cha shule, nyanya wa leso, kwa sababu huko ndiko ambako mwanafunzi wa Kitui anamzidi mashine na anamzidi mwanafunzi wa Ohio. Chuo cha kimataifa kikiwa na akili kitataka kusikia hayo.

Na kwa wale wenye kipawa kama cha mpwa wangu, ambao bado wanakesha wakiwaandikia wengine, sina hotuba. Nina ombi tu. Katika kila kazi kumi za watu, andika moja ya kwako. Iwekee jina lako, itume kwa gazeti, kwa chuo, kwa shindano, kwa yeyote atakayeisoma na kukuambia palipo na kasoro. Siku utakapoulizwa umefanya nini miaka hii yote, uwe na karatasi ya kuonyesha, na uweze kuitetea sentensi kwa sentensi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini cha mtu aliyesoma, awe alikaa kwenye ukumbi wa Oxford au juu ya kreti ya soda Kwa Vonza.